Chuo Kilichoachwa Hakina Kasoro



Msimu wa kufunguliwa vyuo una furaha yake na una barua zake. Furaha hutangulia: sanduku jipya, picha za mlangoni, na mama mkubwa anayepika biriani kana kwamba kijana anakwenda Hija. Barua hufuata baada ya wiki tano au sita. Waandishi wake si vijana wenyewe, maana kijana wa miaka kumi na tisa haandikii jarida. Ni mama zao. Nao huandika jambo moja kwa maneno mbalimbali: mwanangu alikuwa na njia mbili, tukashauriana, akaswali istikhara, akachagua, na sasa halali kwa kukiwaza kile alichokiacha.

Barua ya safari hii imetoka Majengo, Pumwani, kwa mama mwenye asili ya Mombasa anayeishi Nairobi tangu alipoolewa. Binti yake alipomaliza sekondari alama zilimtosha vyuo viwili kwa kozi ile ile, ikabaki kuamua kipi kitangulie katika maombi yake. Kimoja kiko Nairobi, matatu moja tu kutoka nyumbani. Cha pili kiko Mombasa, ambako angelikaa kwa bibi yake mzaa mama. Vyuo vyenyewe sitavitaja, kwani havikukosa lolote. Jamaa walikaa kitako, baba akapiga hesabu ya nauli na ada, mjomba akapigiwa simu, binti akaswali rakaa zake mbili, kisha akasema kwa kinywa chake mwenyewe: Nairobi. Leo ni wiki ya sita. Jioni hukaa na simu akizitazama picha za wenziwe waliokwenda Mombasa, chakula hakimwingii vizuri, na juzi alimwambia mamake kwamba istikhara yake haikujibiwa. Mama anaomba tumpe dua ya kumtuliza mtoto.

Dua nitaifikia. Kwanza nataka tuvitazame hivi vyuo viwili anavyovipima binti huyu, kwa sababu mizani yake ina hitilafu ambayo sisi watu wazima pia hatukusalimika nayo.

Chuo anachosoma anakijua. Anaijua foleni ya usajili, anamjua mhadhiri asiyetokea, anaujua ukumbi ambao ukichelewa dakika kumi unasimama ukutani. Chuo alichokiacha anakijua kwa picha nne au tano. Katika picha hizo kuna bahari, kuna mabuibui yanayopepea, kuna wasichana watatu wanaocheka. Foleni haimo. Mhadhiri asiyetokea hapigwi picha. Wala hakuna mtoto wa watu aliyewahi kujipiga picha akiwa amekaa nje ya ofisi ya mhasibu akisubiri ada yake ionekane kwenye mfumo, ingawa jambo hilo liko Mombasa kama lilivyo Nairobi, na kama lilivyo Kisumu na Dar es Salaam. Kwa hiyo binti halinganishi chuo na chuo. Analinganisha chuo na ndoto, na hakuna chuo chenye kuta na paa kitakachoishinda ndoto. Lau angelikwenda Mombasa, leo huenda angelikuwa chumbani kwa bibi yake akiitazama picha ya rafiki yake wa Buruburu aliyebaki karibu na mamake.

Wahenga wamesema njia mbili zilimshinda fisi. Methali hiyo hutumika kumkanya anayetaka yote. Lakini binti yetu hataki yote, na yake ni shida nyingine: mwili umeshashika njia moja, na macho yamebaki kwenye ile ya pili. Anayekwenda hivyo hujikwaa hata penye lami.

Nimeliandika neno lau hapo juu kwa makusudi. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim kutoka kwa Abu Hurayra, Mtume (S.A.W.) alimfundisha Muumini kwamba akipatwa na jambo asianze kusema lau ningelifanya kadha ingelikuwa kadha, badala yake aikiri kadari ya Mwenyezi Mungu, kwani lau hufungua mlango wa kazi ya shetani. Hadithi hii wazazi wengi wanaijua, na nachelea kwamba wengi wetu tunaitumia kama kifuniko cha sufuria: mtoto akianza kueleza, tunamfunika. Wanazuoni walikwisha kupambanua. Mtume (S.A.W.) mwenyewe katika Hija ya kuaga alisema kwa namna ya lau kuhusu wanyama wa kuchinjwa aliokuja nao, akiwafundisha Maswahaba lililo jepesi kwao. Lau ya kufundisha na kujifunza haikukatazwa. Iliyokatazwa ni lau ya kuomboleza, ile isiyomzalia mtu chochote kesho zaidi ya kukosa usingizi. Kabla ya kumwambia binti anyamaze, sikiliza ni lau ipi anayoisema.

Sasa habari ya istikhara kutojibiwa. Hapa pana dhana iliyoenea katika majumba yetu, Pwani na Nairobi, kwamba mwenye kuswali istikhara huota ndoto, au huamka na kifua chepesi, na asipopata hayo basi amekosa jibu. Hadithi ya Jabir bin Abdillah iliyomo katika Bukhari, ambayo ndiyo asili ya swala hii, haikutaja ndoto. Mja humwomba Mola wake kwamba jambo hili likiwa na kheri naye katika dini yake na maisha yake, amkadirie na amwepesishie, kisha ambarikie ndani yake. Na likiwa na shari amwepushe nalo, amkadirie kheri popote ilipo, kisha amridhishe nayo. Tazama mahali lilipowekwa hilo la kuridhishwa. Liko mwishoni, nalo linaombwa. Kama utulivu wa moyo ungelikuwa unakuja wenyewe siku ile ile pamoja na uamuzi, pasingelikuwa na haja ya kuuomba peke yake. Mtu anaweza kuwa amekwisha kuchaguliwa kheri na bado hajaridhishwa nayo. Wiki ya sita ni mapema mno kusema mlango haukufunguliwa.

Wala dini yetu haikuahidi kwamba uamuzi uliofanywa kwa taratibu zote hauna machungu baadaye. Mfano mkubwa wa hayo ni Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Maswahaba walikuwa na njia mbili: wabaki Madina na kuihami kutoka ndani, au watoke wakamkabili adui nje. Rai ya Mtume (S.A.W.) ilielekea kubaki. Vijana wengi, hasa waliokosa kuwamo Badr, walitaka kutoka, naye akaikubali rai yao, akaingia ndani akavaa deraya. Hapo ndipo wale vijana walipoingiwa na majuto. Wakaona wamemsukuma, wakamwambia wako tayari kurejea kwenye rai yake. Hakukubali: aliwajibu kwamba haimpasi Nabii aliyekwisha kuvaa deraya kuivua kabla Mwenyezi Mungu hajahukumu baina yake na adui. Wakatoka, na yaliyotokea tunayajua. Waislamu wapatao sabini waliuawa, Sayyidna Hamza akiwa miongoni mwao.

Baada ya msiba kama ule, mtu angelitarajia wahyi uwalaumu vijana waliochagua kutoka. Someni sura ya Al Imran mtaona kosa lililotajwa ni lipi. Ni la wapiga mishale walioiacha nafasi waliyopangiwa, yaani jambo lililotendwa baada ya uamuzi. Na katika aya ya 159 ya sura hiyo hiyo, Mtume (S.A.W.) anaamrishwa awasamehe, awaombee maghufira, na aendelee kuwashauri katika mambo; kisha akiazimia, amtegemee Mwenyezi Mungu. Ushauri haukufutwa kwa sababu ya matokeo machungu. Mimi nikiisoma habari hii kwa ajili ya vijana wetu wa vyuoni, swali la kama ilikuwa Nairobi au Mombasa hunipungukia uzito. Swali kubwa huwa: tangu uamuzi ule, nani ameshika nafasi yake na nani ameiacha? Nitalirudia.

Wenye kuamini kwamba chuo kimoja ndicho kilichobeba riziki yao yote, niwakumbushe mwana wa Mombasa, marehemu Profesa Ali Mazrui. Alizaliwa mwaka 1933, baba yake akiwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Baba alitaka mwanawe aende Al-Azhar, Misri, akarithi elimu ya nyumba yao. Sheikh akafariki mwaka 1947, na njia hiyo ikafifia. Kijana akafanya mtihani wa Cambridge, akapata daraja la tatu, na Makerere haikumchukua. Hizo ni njia mbili, na zote zimefungwa kabla hajafika miaka ishirini. Akawa karani katika taasisi ya Kiislamu ya Mombasa, MIOME, ile iliyobadilika majina hadi leo ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Hapo ndipo hotuba yake ya Maulidi iliposikiwa na gavana wa koloni, Philip Mitchell, ikawa sababu ya yeye kupelekwa kusoma Uingereza. Alipata shahada yake ya kwanza Manchester mwaka 1960, akapitia Columbia, akamalizia udaktari Oxford mwaka 1966. Na Makerere iliyomkataa akiwa mwanafunzi ilimpokea akiwa mwalimu, hata akawa profesa na mkuu wa kitivo. Simtaji kwa kusema kila karani atakuwa Mazrui, wengi hawatakuwa. Namtaja kwa sababu ile meza ya karani, ambayo bila shaka haikuwamo katika matarajio ya mtu yeyote wa nyumba ile, ndiyo iliyokuwa njia.

Lakini nisije nikaeleweka kwamba kila shaka ni wasiwasi wa shetani. Imamu Ghazali alikuwa mwalimu mkuu wa Nizamiyya ya Baghdad, cheo kilichotamaniwa na wanazuoni wa zama zake, na kuanzia Rajab mwaka 488 Hijria alikaa kiasi cha miezi sita akisitasita, leo anaazimia kuondoka, kesho anaghairi, hata ulimi ukamfunga akawa hawezi kusomesha. Akaondoka. Mwenyewe ameyaeleza hayo katika kitabu chake Al-Munqidh min al-Dhalal, na hakuna aliyemwambia kwamba shaka yake ilikuwa upuuzi. Moyo wakati mwingine hulalamika kwa haki. Ile aya ya sura ya Al-Baqara inayosema kwamba huenda tukachukia jambo nalo lina kheri nasi, tusiifanye kuwa jibu la kila mtoto anayelia. Ghazali alikuwa akiijua vizuri kuliko sisi.

Basi, dada yangu wa Majengo, turudi kwenye barua yako. Nimeisoma mara tatu. Katika ukurasa wa pili kuna sentensi uliyoiandika kwa kupita, huku ukimsifu binti kwamba ni mtoto mwema. Umesema akirudi chuoni hukusaidia kupika, huwasomesha wadogo zake wawili kazi za shule, huosha vyombo, na husubiri wageni wa baba waondoke ukumbini ndipo afungue vitabu, kiasi cha saa nne za usiku. Alfajiri huamka na nyinyi. Mtaa wenu ninaujua. Majengo ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na nyumba nyingi za kale za pale zilijengwa kwa namna tuliyoizoea Pwani, ukumbi mmoja katikati na vyumba huku na huku, kila chumba na wenyewe. Ni ujenzi wa watu wanaopenda kuonana. Msomi humo hana pa kujificha.

Mama hakuniuliza hili, lakini nitalisema: naona chuo kinashitakiwa kwa makosa ya nyumba. Binti alichagua kubaki Nairobi kama mwanafunzi wa chuo, na nyumba ikampokea kama binti mkubwa aliyemaliza shule na sasa ana nafasi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kazi zilimfuata taratibu, moja baada ya nyingine, kwa sababu yupo. Mwenziwe aliyekwenda Mombasa hayupo, kwa hiyo hatumwi dukani. Anapozitazama zile picha huenda haoni bahari wala mihadhara. Anaona msichana wa rika lake ambaye jioni ni yake. Na mtoto mwenye adabu hawezi kumwambia mamake kwamba nyumba yako inanichosha. Husema chuo ni kibaya. Husema istikhara haikujibiwa.

Nikikosea katika hili hakutakuwa na hasara, maana tiba yake haina gharama. Kwa muda uliobaki hadi mwisho wa muhula, binti aachiwe saa tatu za jioni zisizoguswa na mtu, siku tano za juma. Wadogo zake wakasomeshwe na kaka yao, ambaye katika barua yako ametajwa mara moja tu, tena akiwa anatazama mpira. Kama ukumbi hauwezi kutulia, kuna maktaba ya Kaloleni na ile ya Makadara, matawi ya Maktaba ya McMillan ambayo yamefanyiwa ukarabati miaka ya karibuni, na kuna maktaba ya taifa Buruburu. Arudi kabla ya giza, au kaka huyo huyo akamchukue. Simu nayo iwekwe mbali saa hizo, ingawa kwa hilo sina matumaini makubwa.

Baada ya mitihani ya muhula ndipo swali la chuo lifunguliwe upya, kwa dhati, si kwa kumridhisha. Akiwa amepata saa zake na bado roho haijakaa, aulizwe mambo yanayoshikika: kozi yenyewe inamfaa? Wahadhiri wa somo lake kuu wapo? Je, kuna linalomkwaza katika ibada yake, kama mahali pa kuswali au ratiba ya Ijumaa? Ana hata rafiki mmoja? Majibu yakiwa mabaya katika hayo, shaka yake ni ya haki, na kuhama si aibu. KUCCPS, shirika la serikali linalowapanga wanafunzi vyuoni, hufungua kwa muda maalumu maombi ya kuhama kutoka chuo kimoja kwenda kingine, na hutangaza kwenye tovuti yake. Dirisha hilo hufungwa mapema, basi asingoje hadi akate tamaa. Atahitaji alama za kutosha kwa kozi anayoiomba, na chuo anachokitaka kiwe na nafasi. Aulize pia mapema, tena kwa maandishi, mambo mawili: masomo aliyokwisha kuyafanya yatahesabiwa au ataanza upya, na ufadhili wake utahamishwaje. Tangu mwaka 2023 serikali ilipobadili utaratibu wa kuwagharimia wanafunzi, kila mmoja hupangiwa sehemu yake ya msaada na ya mkopo kwa kadiri ya hali ya jamaa zake, na hilo si la kudhaniwa. Habari ya riba katika mikopo hiyo ina makala yake. Leo itatutoa njiani.

Baba naye, kwa heshima zote, nina neno naye. Umesema kila binti akilitaja jambo hili yeye hujibu kwamba tulikwisha amua. Ni kweli, deraya ilikwisha valiwa. Lakini Mtume (S.A.W.) aliyekataa kuivua ndiye aliyeamrishwa baada ya vita akae tena na watu wake awashauri. Binti hahitaji baba akubali kwamba walikosea. Anahitaji ajue kwamba mwezi wa kumi na mbili kikao kipo, na kwamba litakalosemwa humo halijaamuliwa tayari.

Kuhusu dua: ni ile ile ya istikhara, akiirejea hakuna ubaya, na zamu hii aielewe maana yake anapoisoma, hasa yale maneno ya mwisho ya kuridhishwa. Nawe mama umwombee usiku, kwani dua ya mzazi haina pazia. Ila usimwombee asahau Mombasa. Ni kwa bibi yake.

Hilo lanikumbusha ulilouliza mwisho wa barua, kama kumpeleka huko wakati wa likizo kutamzidishia kidonda. Mpeleke. Akae wiki mbili, aone joto la saa saba mchana, apande tuktuk, na akitembee chuo kile siku ya kazi akiwa na mwenzake anayesoma pale, amwonyeshe foleni zake. Nauli ya daraja la kawaida katika treni ya SGR ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, lakini tiketi za Disemba huisha mapema sana, na anayetaka kusafiri shule zikifungwa akate sasa.